Gharama ya Kushindwa: Katiba ya Zanzibar na Hesabu ya Kura

Katiba za nchi zilizogawanyika kisiasa hupimwa mara nyingi kwa uzuri wa sura zake za haki za binadamu, au kwa wingi wa madaraka aliyopunguziwa rais, ilhali kipimo kinachowagusa zaidi wananchi wa nchi hizo ni maswali mawili ya kawaida kabisa: anayeshindwa uchaguzi anapoteza kiasi gani, na ana njia gani ya kuridhika kwamba kweli ameshindwa. Pale ambapo kushindwa maana yake ni wanasiasa wachache kukosa uwaziri kwa miaka mitano, wanasiasa hao hununa, hujipanga upya na kurudi kuomba kura. Lakini pale ambapo kushindwa maana yake ni kisiwa kizima kujiona hakina chake serikalini, kuanzia ajira hadi barabara, uchaguzi hugeuka kuwa jambo la kufa na kupona. Marekebisho ya Kumi ya Katiba ya Zanzibar, yaliyofanywa mwaka 2010, yalilijibu swali la kwanza kwa ustadi ambao haukuwa na mfano Afrika Mashariki, yakaliacha la pili lilivyokuwa, na tangu hapo jibu lile zuri limekuwa likiyumba kila masanduku ya kura yanapofunguliwa.

Mgawanyiko wa Zanzibar una sifa inayoutofautisha na wa majirani zake. Wananchi wake karibu wote ni Waislamu, wanasema lugha moja, wanaoana na kuzikana, na bado wamegawanyika kwa historia ya vyama, kwa kumbukumbu za Mapinduzi na, kwa kiasi kikubwa, kwa visiwa, Pemba ikiwa ngome ya upinzani na sehemu kubwa ya Unguja ikiwa ngome ya chama tawala. Jambo zito zaidi ni kwamba pande hizo mbili zimekuwa zikikaribiana mno kwa nguvu. Katika uchaguzi wa Januari 1961 jimbo moja la Chake Chake liliamuliwa kwa kura moja; chama cha Afro-Shirazi (ASP) kikapata viti 10, Zanzibar Nationalist Party (ZNP), ambacho wengi walikiita Hizbu, kikapata 9, na Zanzibar and Pemba People's Party (ZPPP) kikapata 3, na wajumbe hao watatu walipogawanyika, wawili upande huu na mmoja upande ule, Baraza likabaki 11 kwa 11. Uchaguzi uliporudiwa Juni mwaka huohuo, ghasia zilizofuata ziliua watu 68.

Katiba ya uhuru iliandikwa juu ya hali hiyo kana kwamba haikuwapo. Ilifuata mfumo wa Westminster, yaani mfumo wa Bunge la Uingereza ambamo chama au muungano wenye viti vingi huunda serikali peke yake, na aliyeshindwa hukaa upande wa pili wa ukumbi akisubiri zamu yake. Katika uchaguzi wa Julai 1963 ASP ilipata takriban asilimia 54 ya kura zote, lakini kwa sababu kura zake zilirundikana katika majimbo machache iliambulia viti 13 tu kati ya 31, na muungano wa ZNP na ZPPP, ukiwa na viti 18, ukaunda serikali chini ya Waziri Mkuu Mohammed Shamte. Kwa sheria iliyokuwapo hapakuwa na kosa lolote, kwa kuwa viti ndivyo vilivyoamua. Kwa macho ya zaidi ya nusu ya wapigakura, hata hivyo, walio wengi walikuwa wamefungiwa nje ya nchi yao wenyewe, na serikali mpya haikufanya jitihada ya maana kuwaondolea hisia hiyo. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba 1963, na Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964. Katiba ile iliishi siku 33. Ni kweli kwamba Mapinduzi yalikuwa na mizizi mirefu kuliko ibara za katiba, ikiwamo umiliki wa ardhi, ubaguzi wa rangi na siasa za wakoloni waliowapanga watu kwa matabaka, na hakuna mwandishi makini atakayesema kwamba mgawanyo mwingine wa viti ungeyazuia; lakini ni kweli pia kwamba katiba ile haikumpa aliyeshindwa sababu hata moja ya kuilinda.

Miaka 15 iliyofuata nchi iliongozwa kwa amri za Baraza la Mapinduzi, bila katiba na bila uchaguzi. Katiba ya kwanza baada ya Mapinduzi ilitungwa mwaka 1979, ikafuatiwa na ile ya mwaka 1984, ambayo ndiyo iliyoingiza sura ya haki za binadamu na ndiyo inayotumika hadi leo pamoja na marekebisho yake. Katika mfumo wa chama kimoja swali la anayeshindwa halikuwapo, au kwa usahihi zaidi lilifunikwa, na liliibuka likiwa zima mfumo wa vyama vingi uliporejea mwaka 1992. Oktoba 1995 Salmin Amour wa Chama Cha Mapinduzi (CCM) alitangazwa kumshinda Seif Sharif Hamad wa Chama cha Wananchi (CUF) kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8, tofauti ya kura zisizofika 2,000, na chama kilichopata karibu nusu ya kura kikatoka mikono mitupu.

Juhudi za kuponya jeraha hilo zilipitia kwanza katika muafaka, yaani makubaliano ya maandishi baina ya vyama viwili. Muafaka wa kwanza ulitiwa saini mwaka 1999 kwa usuluhishi wa Jumuiya ya Madola. Mengi ya yaliyokubaliwa hayakutekelezwa, uchaguzi wa mwaka 2000 ukavurugika, na mwishoni mwa Januari 2001 waandamanaji walipigwa risasi Unguja na Pemba, zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha na wengine zaidi ya 2,000 wakavuka bahari kwa madau kukimbilia Shimoni, pwani ya Kenya. Kwa mara ya kwanza Tanzania, iliyozoea kupokea wakimbizi, ilizalisha wakimbizi wake yenyewe. Muafaka wa pili, wa Oktoba 2001, ulifika mbali kidogo, kwa kuwa baadhi ya vipengele vyake viliingizwa katika Katiba, kikiwamo kile kilichowaingiza wajumbe wawili wa upinzani katika Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar. Mazungumzo ya tatu yalikwama Machi 2008, pale Halmashauri Kuu ya CCM ilipokutana Butiama na kutaka suala la kugawana serikali lipelekwe kwanza kwa wananchi kwa kura ya maoni. Udhaifu wa njia hii ulikuwa wazi kwa yeyote aliyesoma hati zenyewe: muafaka ni ahadi ya vyama, na chama kikivunja ahadi hakuna mahakama ya kukishitaki, wala hakuna askari atakayeikamata serikali kwa kosa la kutotimiza neno lake.

Ndiyo maana mkutano wa Rais Amani Abeid Karume na Seif Sharif Hamad, aliyejulikana zaidi kama Maalim Seif, katika Ikulu ya Zanzibar, tarehe 5 Novemba 2009, usingekuwa na uzito mkubwa kuliko muafaka uliotangulia kama ungeishia kwenye kupeana mikono. Tofauti ni kwamba maridhiano hayo yalipitishwa njia ndefu: azimio la Baraza la Wawakilishi Januari 2010, kura ya maoni tarehe 31 Julai ambayo asilimia 66.4 ya waliopiga kura waliunga mkono, kisha Marekebisho ya Kumi mwezi Agosti. Theluthi moja ya wapigakura ilikataa, na inafaa kuikumbuka theluthi hiyo, maana hotuba za maridhiano hupenda kusema kwamba Wazanzibari wote walikubali.

Kiini cha marekebisho hayo ni Serikali ya Umoja wa Kitaifa ambayo si hisani ya rais bali ni sharti la katiba. Makamu wa Kwanza wa Rais hutoka katika chama kilichoshika nafasi ya pili katika uchaguzi wa rais. Makamu wa Pili hutoka katika chama cha Rais na ndiye kiongozi wa shughuli za serikali katika Baraza. Nafasi za mawaziri hugawanywa kwa kuzingatia uwiano wa viti vya vyama katika Baraza. Wataalamu wa sayansi ya siasa huweka mpangilio wa namna hii chini ya nadharia iliyojengwa na Arend Lijphart, mwanazuoni mzaliwa wa Uholanzi, ambaye tangu miaka ya 1960 alieleza jinsi jamii zilizogawanyika zinavyoweza kukaa kwa amani iwapo viongozi wa makundi yote makubwa wataketi katika serikali moja na kila kundi likapata sehemu yake ya vyeo na rasilimali. Burundi ilifuata njia hiyo kupitia Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000 na Katiba ya mwaka 2005, ikaweka asilimia 60 ya viti vya Bunge kwa Wahutu na 40 kwa Watutsi. Zanzibar haikuweka kundi lolote katika maandishi: haikutaja Upemba wala Uunguja, wala asili ya mtu. Iliziachia kura ziseme nani anastahili kiti cha pili, na kwa hilo iliepuka hatari ya kuugandisha mgawanyiko katika karatasi ya katiba, ambayo ndiyo lawama kubwa dhidi ya nadharia yenyewe.

Marekebisho hayo yalikuwa na jambo la pili ambalo halizungumzwi sana yanapojadiliwa kama mkataba wa amani. Mwaka 2008 kauli ya Waziri Mkuu Mizengo Pinda bungeni kwamba Zanzibar si nchi iliwaudhi Wazanzibari wa pande zote, na Katiba iliyorekebishwa ikaandika kwamba Zanzibar ni nchi, mojawapo ya nchi mbili zinazounda Jamhuri ya Muungano. Kwa mwanasheria wa Muungano hilo ni tatizo, na wengi wamelieleza hivyo. Kwa mtazamaji wa siasa za visiwani ni dalili kwamba mahasimu wale wa miaka 15 walikuwa na jambo moja walilokubaliana bila mvutano, nalo ni wao ni nani wanapokaa meza moja na Bara.

Matokeo ya haraka yalionekana. Oktoba 2010 Ali Mohamed Shein wa CCM alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.1 dhidi ya 49.1 za Maalim Seif, tofauti ya kura zisizofika 4,000, yaani hesabu ileile iliyoitia nchi moto mwaka 1995. Safari hii mshindwa aliyakubali matokeo, akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza, na wizara ya katiba na sheria ikashikwa na mwanasheria wa CUF, Abubakar Khamis Bakary. Hakuna maelezo ya kuridhisha ya tofauti hiyo zaidi ya kwamba gharama ya kushindwa ilikuwa imeshuka. Lawama iliyotolewa wakati huo, kwamba Baraza lilibaki bila upinzani rasmi kwa kuwa vyama vyote viwili vilikuwa serikalini, ilikuwa na ukweli, ingawa iliongezwa chumvi: wajumbe wa viti vya nyuma wa vyama vyote viwili walijifunza upesi kuwabana mawaziri, wakati mwingine kwa ukali ambao upinzani rasmi haukuwahi kuuonyesha.

Mlango ambao haukuwekwa komeo ulikuwa ule wa kuingilia. Mfumo mzima wa kugawana serikali unategemea tarakimu moja, yaani matokeo ya kura za rais yanayotangazwa na Tume ya Uchaguzi, ambayo mwenyekiti wake huteuliwa na Rais, na Katiba imeweka kizuizi kinachosema kwamba Tume ikishamtangaza rais aliyechaguliwa, hakuna mahakama itakayochunguza uchaguzi wake. Katika Katiba ya Muungano kizuizi hichohicho kimo katika ibara ya 41(7), ambayo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua Julai 2020 kwamba inakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Tanzania ilikuwa imeshajitoa, Novemba 2019, katika utaratibu unaoruhusu watu binafsi kuishitaki moja kwa moja katika mahakama hiyo. Maridhiano ya 2010 yaligusa makamu, mawaziri na hata jina la nchi, lakini hayakumpa anayetilia shaka hesabu ya kura za rais mahali pa kwenda zaidi ya barabarani.

Tarehe 28 Oktoba 2015, siku tatu baada ya kura kupigwa na matokeo ya majimbo mengi yakiwa yamekwishasomwa, Mwenyekiti wa Tume, Jecha Salim Jecha, alitangaza kuufuta uchaguzi wote. Sababu alizotoa ni pamoja na kasoro katika vituo vya Pemba na ugomvi baina ya makamishna, na ni haki kuongeza kwamba Maalim Seif alikuwa amejitangazia ushindi kabla ya Tume kumaliza kazi, jambo lililowapa wapinzani wake hoja. Lakini hakuna kifungu cha Katiba kilichoonyeshwa hadharani kinachompa mwenyekiti peke yake uwezo wa kufuta uchaguzi, na kura za rais wa Muungano zilizopigwa siku hiyohiyo, katika vituo hivyohivyo na kwa mikono ya wapigakura haohao, zilihesabiwa na kumwingiza John Magufuli Ikulu. Swali la kisheria lilikuwa jepesi kiasi kwamba mahakama yoyote ingeweza kulijibu kwa ndiyo au hapana ndani ya wiki mbili. Hata hivyo jibu la mahakama halikupatikana.

Uchaguzi uliporudiwa tarehe 20 Machi 2016, CUF iliususia na Shein akatangazwa mshindi kwa asilimia 91.4. Hapo ndipo udhaifu wa pili ulipojitokeza, kwa kuwa Katiba inataka chama cha pili kiwe na walau asilimia 10 ya kura za rais ili kistahili umakamu wa kwanza, na hakuna chama kilichofika hapo. Nafasi ikabaki wazi, na wapinzani watatu waliopewa uwaziri waliupata kwa hiari ya Rais. Kifungu kilichotungwa kwa ajili ya jamii iliyogawanyika nusu kwa nusu kilizimika kwa sababu hesabu ya siku moja ilisema jamii hiyo haipo tena, hali kila mtu visiwani alijua kwamba ipo.

Kuna nchi jirani iliyopitisha katiba yake katika juma lilelile la kura ya maoni ya Zanzibar ya mwaka 2010. Wakenya walipiga kura ya maoni tarehe 4 Agosti 2010, siku nne tu baada ya Wazanzibari, wakiwa wametoka katika machafuko ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 yaliyoua zaidi ya watu 1,100, machafuko ambayo chanzo chake kimojawapo kilikuwa upinzani kukataa kwenda mahakamani kwa madai kwamba majaji hawakuwa huru. Kenya ilitibu upande wa hesabu: iliunda Mahakama ya Juu yenye mamlaka ya kusikiliza kesi ya uchaguzi wa rais na kuiamua ndani ya siku 14, na tarehe 1 Septemba 2017 mahakama hiyo ikafuta ushindi wa rais aliyekuwa madarakani, jambo ambalo halikuwahi kutokea Afrika. Upande wa kugawana iliacha mshindi achukue serikali kuu yote, ikiwapunguzia walioshindwa machungu kwa kaunti 47, na ndiyo maana Wakenya wamerudi mara kwa mara kwenye makubaliano ya nje ya katiba, kama yale ya Machi 2018 baina ya Uhuru Kenyatta na Raila Odinga, ambayo jaribio la kuyageuza kuwa marekebisho ya katiba lilikataliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2022. Nchi mbili zinazotazamana baharini ziliandika, katika msimu mmoja, nusu mbili za katiba moja, na kila moja imekuwa ikisumbuliwa na nusu iliyokosa.

Hoja ya kwamba mahakama haiwezi kusaidia katika visiwa vidogo, ambako jaji naye anajulikana baba yake alikuwa chama gani, inasikika mara nyingi na si ya kupuuzwa. Hata hivyo mahakama hulazimika kutoa sababu kwa maandishi, husikiliza pande mbili hadharani, na hukumu yake husomwa na wanasheria kote ulimwenguni, ilhali tangazo la televisheni la mwaka 2015 halikulazimika kufanya lolote kati ya hayo. Hata hukumu isiyopendwa humpa aliyeshindwa kitu cha kubishania kwa maneno, kama wafuasi wa Odinga walivyofanya mwaka 2013 na 2022 baada ya kesi zao kutupwa.

Uchaguzi wa Oktoba 2020, uliotanguliwa na vifo Pemba, ulimpa Hussein Mwinyi asilimia 76 na Maalim Seif, aliyekuwa amehamia ACT-Wazalendo, asilimia karibu 20. Chama chake kiliyakataa matokeo, kisha kikaingia serikalini mwezi Desemba chini ya kifungu kilekile, na Seif alipofariki Februari 2021 nafasi yake ikachukuliwa na Othman Masoud Othman, ambaye mwaka 2014 alipoteza uanasheria mkuu wa Zanzibar baada ya kupinga baadhi ya ibara katika Bunge Maalumu lililojadili katiba mpya ya Muungano. Wafuasi wengi waliona aibu kuketi katika serikali iliyotokana na hesabu wanayoikana, na uchaguzi wa Oktoba 2025, ambao ACT-Wazalendo iliyakataa pia matokeo yake, umelirudisha swali hilo mezani. Chama cha pili kinalazimika kuchagua kati ya kuikataa tarakimu na kuukubali wadhifa unaozaliwa na tarakimu hiyohiyo, na kwa muda mrefu wapigakura hawatamwelewa anayefanya yote mawili.

Kufungua mlango wa mahakama kunahitaji theluthi mbili ya wajumbe wote wa Baraza la Wawakilishi. Mwaka 2010 theluthi mbili hizo zilipatikana kwa sababu viongozi wa pande zote mbili, CCM na CUF, walijua kwamba uchaguzi uliokuwa ukija baada ya miezi mitatu ungeweza kuangukia upande wowote, kwa hiyo kila mmoja aliandika kanuni za kumlinda anayeshindwa akijihesabu kuwa huenda ndiye. Tangu Machi 2016 chama kimoja pekee kinatosha kuzipata theluthi hizo bila msaada wa kingine, na mchakato wa katiba mpya ya Muungano, ambao ungeweza kuiondoa ibara ya 41(7) na kuishinikiza Zanzibar kufuata, umesimama tangu kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ilipoahirishwa bila kupewa tarehe nyingine.